Keki Niliifunga Mkanda, Mtoto Sikumfunga

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana kila ninayemsimulia ananikatiza katikati, nusu kwa kucheka na nusu kwa kunipa mgongo.

Mimi naoka keki za watu, naokea nyumbani na kupeleka mwenyewe kwa gari langu dogo, na kwa kuwa maboksi ya keki yanataka mahali palipo sawa nimevilaza viti vya nyuma siku nyingi sasa, na kile kiti cha mtoto ambacho kaka yangu alininunulia ili niwe nambeba binti yake nikakitoa nikakiweka stoo, nikakipangia ndoo za unga juu. Huyo binti ana miaka minne, sisi tunamwita Jenerali kwa sababu alianza kuamrisha watu kabla hajajua kuvaa viatu, na mimi sina mtoto wangu, mshauri, kwa hiyo Jumamosi zangu zote zilikuwa zake, tunachezea unga, tunapaka krimu, anaonja kila kitu na kusema hakina sukari.

Sasa Ijumaa moja nilikuwa nakaribia kuondoka na keki ya harusi ya ghorofa tatu, inatakiwa ukumbini saa nane mchana na tayari ni saa saba na nusu, bibi harusi amenipigia mara nne, keki nimeiweka kiti cha mbele, nimeizungushia mataulo, nimeifunga mkanda na kuuvuta kuhakikisha umebana, ndipo akapiga mwalimu wa chekechea kwamba nyuki wamevamia darasa, watoto wote wametolewa wazima, wako kwa fundi cherehani wa jirani wanakula biskuti, lakini ndugu waje wawachukue. Kaka yuko safarini, wifi yangu ni muuguzi na alikuwa wodini hapokei simu, nikabaki mimi peke yangu, nikasema hii ni dharura, twende.

Jenerali alitoka kwa fundi, akalizunguka gari, akachungulia ndani.

"Shangazi, kiti changu kiko wapi?"

"Kiko nyumbani kimepumzika."

"Mimi sasa nikae wapi?"

"Nyuma na keki ndogo. Leo wewe ndiye mlinzi wao."

Alifurahi, mshauri, akajipanga katikati ya trei mbili za keki ndogo miguu ameikunja, na mwalimu akaniuliza, "Dada, huyu atakaa hivyo hivyo?" nami nikamjibu ni hapa karibu tu, hata dakika kumi hazifiki.

Dakika ya sita ukatokea mkokoteni uliobeba kabati la nguo, ukakata mbele yangu bila salamu, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Keki ya mbele haikusogea hata unywele. Jenerali aliteleza na trei zake zote mbili, akaja kugonga nyuma ya kiti changu, nilipogeuka nikaona macho mawili tu ndani ya krimu, yananitazama, halafu akasema, "Shangazi, walinzi wameanguka." Hakuumia, namshukuru Mungu, alipata kinundu tu kwenye paji la uso, kidogo kabisa, saizi ya zabibu.

Trafiki alikuwa amesimama kona ile ile. Akaja, akachungulia mbele, akachungulia nyuma, akarudi tena mbele.

"Mama, huyu wa mbele ana umri gani?"

"Afande, hiyo ni keki."

"Naona. Nimeuliza kwa sababu amefungwa vizuri sana."

Akanikataza katakata nisiondoke na mtoto mpaka aje mtu mwenye kiti, Jenerali akamtajia namba ya mama yake yote bila kukosea, na wifi ambaye hakupokea simu ya mwalimu wala yangu, ya afande aliipokea mara moja, kumbe zamu ndiyo imekwisha. Alikuja na sare yake ya kazi ndani ya gari la mwenzake mwenye kiti cha mtoto, akamshika binti yake kichwa, akamwangalia macho, akambonyeza shingo, kisha akanigeukia akaniuliza kwa upole, "Na keki je, iko salama?" Nami, sijui nilikuwa na akili gani, nikajibu, "Salama kabisa wifi, haijachubuka hata kidogo."

Hajanisemesha tangu siku hiyo, wiki ya tatu hii. Amesema mwanawe hapandi tena gari langu. Nimemwokea keki nimeiandika SAMAHANI WIFI, akairudisha kwa bodaboda ikiwa imefungwa kamba tatu, na kaka yangu anasema hayumo.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, mshauri, nalo ndilo linaloninyima raha. Nilipokanyaga breki mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe, si unajua vile mtu anavyonyoosha mkono kumkinga mwenzake, basi ukanyooka, ukaikinga keki. Keki yenye mkanda! Kila nikipaka krimu naukumbuka mkono ule. Je, nimwambie wifi au ninyamaze? Na nifanyeje aache kulikuza jambo hili, maana namkosa yule mtoto mpaka nashindwa kufanya kazi Jumamosi?

Ni mimi, Shangazi wa Keki.

*

Shangazi wa Keki,

Nimecheka. Kwa afande nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, tukacheka pamoja. Tulipofika kwenye nundu tukaacha.

Tuanzie hapo hapo. Umeandika "hakuumia", na kabla wino haujakauka ukaitaja nundu. Mtoto aliyevimba paji la uso ameumia, dada. Na usiniletee habari za zabibu, wewe kila kitu unakipima kwa vitu vya keki.

Sasa hiyo dharura. Dharura ya nani? Soma barua yako mwenyewe. Watoto walikuwa kwa fundi, mwalimu yupo, biskuti zipo, na nyuki wamebaki darasani wakijisomea. Aliyekuwa na haraka ni bibi harusi. Ungepeleka keki kwanza, ukarudi nyumbani ukashusha ndoo za unga, ukafunga kiti, ndipo ukamfuate mtoto. Hasara yote ingekuwa ni fundi kuishiwa biskuti. Angekuwa mtoto anawaka homa na hakuna njia nyingine, tungeongea lugha nyingine, na hata hapo ungemwomba jirani au teksi, kiti ukakibeba mwenyewe mkononi. Eti ni karibu! Ule mkokoteni uliuliza umebakiza dakika ngapi?

Wifi yako hakuzi jambo. Yeye ni muuguzi. Wewe siku ile uliona mtoto amepakwa krimu ukapumua, yeye alimbonyeza shingo. Jiulize ni watoto wangapi amewapokea wodini kabla ya Jenerali ndipo akajua pa kubonyeza. Halafu unamjibu keki haijachubuka! Mimi ningekurudishia ile keki bila kamba hata moja.

Kuhusu mkono wako, hapo nimekuonea huruma, nasema kweli. Usijihukumu kwamba humpendi mtoto. Mkono haukuchagua, ulikinga kilichokuwa karibu, na hata angekuwa amekaa pale mwizi wa kuku ungemkinga yeye. Lakini nawe usijidanganye kwamba ungeelekea nyuma ungemwokoa. Gari likisimama ghafla hakuna mkono wa shangazi wala wa mama unaoweza kumzuia mtoto, ndiyo maana hata kumpakata ni makosa. Kazi hiyo ni ya mkanda, na mkanda ulikuwa na mteja mwingine.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujawasha oveni, inua viti vya nyuma. Kiti cha Jenerali kifunge nyuma, ukitikise kwa mikono miwili, na kikicheza ukifunge upya mpaka kitulie. Mikanda yake ipite mabegani, isiwe imejisokota na isimguse shingo, na koti zito avuliwe kwanza. Kiti hicho hakitoki tena, hata ikiokwa keki ya ghorofa saba. Keki zikae sakafuni au kwenye buti, na siku mtoto yumo trei zisiwe huru, maana nazo zikiruka zinampiga. Chekechea wapelekee namba za watu wawili zaidi wenye viti kwenye magari yao. Na simu ya bibi harusi ukiwa kwenye usukani iache ilie, hajawahi kufa mtu kwa kusubiri keki.

Ukimaliza, nenda kwa wifi yako. Nenda mikono mitupu, usioke chochote. Mwambie habari ya mkono, kwa mdomo wako, bila kucheka na bila kuutaja mkokoteni. Atakasirika upya, muache akasirike. Jumamosi usiziombe. Mpe ufunguo wa gari, mwambie akakague kiti mwenyewe, na siku atakapokuwa tayari aendeshe yeye, wewe ukae nyuma na mtoto. Akikataa, rudi nyumbani bila kununa, na wiki inayofuata uende tena. Umemzoea mwanawe mpaka ukasahau kwamba ulikuwa unaazimwa.