Dakika Arobaini Hadi Nduli

Jumanne, 10 Machi 2026
Eveline, binti wa dada Juliana, kapiga simu kutoka Iringa. Dada kazidiwa, kalazwa, hata uji haupiti. Ananitaka mimi. Nikamwambia usilie mwanangu, mjomba wako anakuja na ndege. Kiwanja chetu cha Songwe hadi kile cha Nduli, Iringa, kilomita mia tatu, nimeangalia kwenye simu. Dakika arobaini — soda haijaisha umefika.

Mke wangu Tupokigwe akasema basi la saa kumi na mbili asubuhi mchana liko Iringa. Na ndege umeipanda lini, baba Brayson? Nikamnyamazisha. Mtaa mzima wa Ilomba unajua rubani aliwahi kuniachia usukani akaenda kujisaidia.

Kweli sijapanda. Hilo liishie humu.

Jumatano, 11 Machi
Tiketi ninayo. Kijana wa tiketi kauliza, "Unapitia Dar, mzee?" Nikamjibu kwani kuna njia nyingine? Nikajiona nimemweza. Nyumbani nasoma karatasi taratibu — kumbe nyingine haipo. Alhamisi Dar, kulala huko, Ijumaa ndiyo Iringa. Basi lingenifikisha kesho mchana.

Nikampigia Eveline niseme nakuja na basi. Kabla sijasema, akaniambia mama kasikia habari ya ndege akacheka. Hajacheka wiki nzima. Nikasema ndege zimejaa, Ijumaa asubuhi nipo.

Alhamisi, 12 Machi
Nimepanda. Mkanda wa kiti ulinishinda kufunga. Mama wa pembeni, muuza mchele wa Ubaruku, akanichungulia: "Baba, mara ya kwanza?" Miye? Hizi nimezizoea, ila nyingi zangu zilikuwa kubwa.

Kama nusu saa hivi akanigusa, akaonyesha dirishani. Iringa ile pale. Mawingu yamepasuka, mabati yanang'aa. Nikatafuta hospitali. Dada yangu yuko chini, mimi napita juu naenda pwani. Mdomo ulitaka kusema shusha hapo. Yule mama akanipa leso.

Ijumaa, 13 Machi
Saa nne asubuhi. Bado Dar, kiwanja cha ndege. Iringa mvua, mawingu yamelalia Nduli, haturuki. Subirini. Mpaka saa ngapi? Subirini.

Eveline kapiga. Daktari kawaambia wa kuja waje sasa. Nikafungua mdomo nimwambie nilipo, ukweli wote — yeye keshamwekea mama yake simu sikioni.

"Clement. Uko wapi, mdogo wangu?" Sauti kama karatasi.

Nikasema niko angani, dada. Nakaribia.

Akapumua. Nikahesabu pumzi. Akauliza hiyo ndege yako ina rangi gani.

Nyeupe, nikasema. Mkia wa bluu.

Eveline akaichukua simu. "Mjomba, anataka tumgeuzie kitanda aangalie dirishani, aione ndege yako." Halafu akamwita nesi aje kushika upande wa pili. Simu hakuikata. Nasikia miguu ya kitanda inaburuzwa sakafuni, na dada anawaambia polepole, bado kidogo, bado kidogo, hapo sioni mbingu.