Wakulima Sitini, Anwani Moja

Jumatano, Bulyaga

Yule wakala wa programu kutoka Mbeya ana kiburi! Wiki nzima nalinganisha programu za kutuma barua pepe kwa wateja wa Mama Neema, muuza miche ya parachichi, na leo kanijia juu dukani kwangu: "Dada, hii yangu inatuma barua elfu moja kwa mpigo. Unasubiri nini?" Hajauliza hata wateja ni akina nani.

Nikamwomba Mama Neema daftari la anwani za wateja wake. Wakulima sitini, anwani moja: ya duka langu la intaneti.

"Si wewe unayetusomea barua pepe, mwanangu?" akasema.

Kumbe nilikuwa nachagua programu ya kujitumia barua sitini! Namlaumu wakala kwa kutouliza. Mimi je, ninayewasomea kila siku ya soko?