Nani Anagusa Miwani Yangu?

Jumatatu, 14 Julai
Baridi ya Mbeya haina adabu. Maji ya bomba yanauma vidole. Raundi, chai, kisha kubadili nguo. Kama kawaida nimeacha miwani kwenye rafu ya sinki, karibu na ya bosi wetu wa upasuaji, nikaingia kuvua hijabu na kuvaa kofia ya thieta. Kurudi, vioo vina utando. Kama kavishika mtu aliyetoka kula maandazi. Nikavifuta kwa spiriti mpaka vikang'aa.

Ndani ya thieta, ukungu. Pumzi inapanda kutoka kwenye barakoa, inaganda kwenye vioo. Mikono imeshaoshwa na kuvaa glovu, siruhusiwi kujigusa uso. Nimesimama mbele ya tumbo la mtu lililo wazi na sioni kitu. Bosi kasema nirudi nyuma. Mwenzangu Ambakisye, tunayesomea naye upasuaji, kachukua nafasi yangu.

Mwezi ukiisha bosi anaamua. Ama nishike kisu mwenyewe, ama nihamie idara nyingine. Alinitamkia hivyo bila kupepesa. Mimi sikusoma miaka yote hii ili niandikie watu dawa za kikohozi.

Jumatano, 16 Julai
Utando tena. Nimefuta tena. Ukungu tena. Sista Sekela, muuguzi wetu wa thieta, kanifutia vioo kwa kitambaa cha bandeji mara kadhaa, mwisho akaguna. Nimeusikia ule mguno. Ambakisye alikuwa anatazama dari. Mtu asiye na lake jambo anatafuta nini darini?

Tulianza pamoja, mimi na yeye. Hata hiki chumba changu cha mtaa wa Soweto alinitafutia yeye. Lakini nikiondoka, kesi zangu zote ni zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 17 Julai
Nilichelewa, sikuwahi kufuta. Nikaingia na utando hivyohivyo. Ajabu, siku njema! Nimefunga mishipa, nimeshona, vioo vyeupe mpaka mwisho. Aliyeniwekea uchafu wake leo kashindwa. Ambakisye kanipongeza kwenye korido. "Leo umewaka, dada!" Anipongeze kwa lipi? Anataka nilegee.

Jumamosi, 19 Julai
Iringa. Arusi ya binti wa mama mdogo. Baba kafunga duka la vitambaa kwa ajili ya shughuli, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa. Mama kanitazama tu akajua nina kitu. Nikamweleza habari za miwani. Hakufikiri hata kidogo. "Huo mkono wa mtu, mwanangu." Mimi ni daktari, siamini mambo hayo. Lakini alama za vidole nazo si ni mkono wa mtu?

Shangazi wa Ilula, aliyeleta tenga la nyanya za kachumbari, kasema yeye hawezi kulala mezani apasuliwe na mtu wa miwani, atasahauliwa mkasi tumboni. Wote wakacheka. Na mama akacheka! Nimekula pilau kwa hasira.

Jumanne, 22 Julai
Miwani siiachi tena. Nimeifunga kamba, inaning'inia shingoni, naingia nayo mpaka chooni. Asubuhi nimeisafisha kwa spiriti, haina hata doa.

Ukungu mbaya kuliko siku zote. Basi ni barakoa. Nani kanisogezea boksi la barakoa? Ambakisye. Bosi kaniondoa mezani mbele ya watu wote.

Nimelipuka. Kwenye korido, mbele ya Sista Sekela na wanafunzi, nimemwambia Ambakisye ananichezea, anataka nifukuzwe, mnafiki mkubwa. Kanitazama, kaondoka zake. Nina haki lakini. Angekuwa safi angejitetea.

Jumatano, 23 Julai
Nimetega. Miwani nimeiacha rafuni kama zamani, nikavaa ile kuukuu yenye mkono uliovunjika, nikasimama nyuma ya mlango, jicho kwenye upenyo.

Akaingia bosi. Katoa mfukoni kipande kikavu cha sabuni ya mche. Kasugua vioo vyake, kavifikicha kwa kitambaa. Kisha kachukua yangu!

Nikatoka. Hakushtuka hata. Nikamuuliza anafanya nini, sauti ikanitoka kama ya mlinzi wa soko. Kasema sabuni kavu inazuia ukungu. Mwalimu wake alikuwa akimsugulia hivyo. Ndiyo desturi yao wapasuaji wa miwani: mwalimu humsugulia mwanafunzi mpaka siku mwanafunzi atakaposhika kisu. Alidhani najua.

Ikabidi niseme kwamba nilikuwa naifuta. Kila siku. Kwa spiriti.

Kakaa kwenye benchi. Kacheka mpaka machozi. "Nami nikadhani una pumzi za ng'ombe wa kulima!"

Laiti ardhi ingepasuka. Ambakisye havai miwani. Habari za sabuni hakuzijua kabisa. Nimemtukana bure mtoto wa watu.

Ijumaa, 25 Julai
Nimemwomba radhi. Kwenye korido ileile, mbele ya walewale, maana ndipo nilipomvunjia heshima. Nimeona aibu sana. Kasema yameisha. Hayajaisha. Siku nzima ananiita "daktari". Zamani nilikuwa dada.

Jumatatu, 28 Julai
Asubuhi nimekuta miwani yangu haijaguswa. Pembeni yake, kipande cha sabuni. Bosi kashatoka. Nikaelewa. Nikasugua mwenyewe.

Mgonjwa ni mzee wa Iyunga, ana ngiri. Mimi na kisu, Ambakisye msaidizi wangu. Nilikata, nikarudisha utumbo mahali pake, nikashona. Vioo safi, nimeona kila uzi. Nimeyaona na macho ya Ambakisye juu ya barakoa. Hayakuinuka kunitazama hata mara moja. Lakini kila nilipotaka ashikilie, mkono wake ulishafika. Mtu anayekuombea mabaya hashikilii hivyo.

Bosi kasema naendelea. Neno hilo tu, akaenda kunywa chai. Mzee kaamka vizuri, anaulizia uji. Mama kapiga vigelegele kwenye simu, kauliza mkono ulikuwa wa nani. Nikasema mtandao unasumbua.

Jioni nimemkuta Ambakisye getini ananunua karanga. Nikataka kupita. Kanishika kiganja, kanimiminia nusu, kaenda zake.

Nimesimama nazo mkononi, najiuliza kwa nini kanipa. Halafu nikala.