Kiti cha Nyuma, Karibu na Dirisha

Mwalimu,

Shikamoo. Najua ungenikemea kwa kumwamkia mtu ambaye hawezi kuitikia, kisha ungecheka peke yako mpaka miwani ikuteleze puani. Lakini kila Ijumaa tulianza kwa salamu, na mimi sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Ni mimi, Kwamboka, yule wa takwimu. Nakuandikia nikiwa ofisini kwetu. Nasema kwetu kwa sababu bado sijazoea kusema kwangu. Meza yako wamempa kijana mpya wa hisabati, mpole sana, anaomba ruhusa hata kufungua dirisha. Koti lako la mvua nililipeleka nyumbani kwako Gesima siku ya arubaini. Kikombe chako nimekataa kukitoa. Nikiulizwa nasema ni changu, na sioni haya hata kidogo.

Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Siku tulipokuzika ilikuwa tope tupu, unakumbuka? Aa, utakumbukaje. Wanafunzi wako walikuja wamebeba viatu mikononi. Kwaya ya kanisa iliimba, wakubwa wa chuo wakasoma hotuba ndefu kuhusu makala zako na vyeti vyako, na hakuna hata mmoja aliyetaja Ijumaa. Nililia kwa huzuni, halafu nikalia tena kwa hasira.

Kwa sababu mimi najua ulikuwa nani. Wewe ndiye mtu wa kwanza katika chuo hiki kuuliza mbona mwalimu wa chekechea anasomea kufundisha, na sisi wa chuo kikuu tunapewa chaki kwa sababu tu tuna shahada ya uzamifu. Ukaanzisha Saa ya Ijumaa. Mhadhiri mmoja anafundisha kama kawaida, mwenzake anakaa nyuma na wanafunzi, kimya, halafu wawili hao wanaenda kunywa chai. Basi. Hakuna fomu wala alama. Chai tu, na ukweli.

Siku uliyokaa nyuma ya darasa langu sitaisahau. Nilikuwa nimevaa sketi mpya. Nilifundisha sampuli, nikamaliza, nikauliza kwa kiburi: Mmeelewa? Ukumbi mzima ukaitika, Ndiyo mwalimu! Nikashuka jukwaani nikijiona mtu. Kule kantini ukanikatia mandazi katikati, ukaniambia polepole, "Kwamboka, umewauliza kama wana adabu, na wamekujibu kwamba wanayo."

Nyasae, Mungu wangu, nilikasirika! Nilikula mandazi yako yote mawili bila kukutazama. Lakini ulikuwa umesema kweli. Huku kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba hajaelewa. Ni kama kumwambia hajui kusema. Tumelelewa hivyo wote, kuanzia wale wa kijijini kwetu Nyaramba mpaka wale wa mjini. Mwalimu anauliza, watoto wanaitika, kila mtu anaenda nyumbani na furaha yake, halafu mtihani unafika.

Ndipo ukanipa kazi ile ya ajabu. Nikamfundishe mtu wa nyumbani somo hilo hilo kwa lugha ya nyumbani, nikuletee swali alilouliza. Nikaenda Nyaramba, nikamfundisha mama yangu akisonga ugali. Nilimweleza kwa Ekegusii namna tunavyochukua watu wachache ili tujue habari za wengi, nikatoa mfano wa kuonja mboga kidogo badala ya kumaliza sufuria. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo chuo kinakulipa kuonja sufuria?" Nilikuletea swali hilo kwa aibu. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema hilo ndilo swali la kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kazi hii ni ya nini hasa? Tangu hapo mihadhara yangu yote nimeianzia hapo. Na tangu hapo, kabla sijaandika chochote cha kusomwa na watu wengine, nakisema kwanza kwa lugha ya mama.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana najua huna subira.

Ulipoondoka, Saa ya Ijumaa ilianza kufa. Watu walikuwa na sababu nzuri, sitawasema vibaya. Hapa mtu anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha, si kwa namna anavyofundisha, na madarasa yamefurika. Mmoja akaacha, wa pili akaacha. Kisha tukasikia kamati ya sera ya chuo itakaa kuamua. Ama Saa ya Ijumaa iandikwe katika sera, iwe sehemu ya kazi ya kila mhadhiri, ama ifutwe kabisa. Na mpinzani mkubwa alikuwa yule yule, Profesa Suti. Wewe ndiye uliyempa jina hilo, kwa sababu hata siku ya kupanda miti alikuja na suti na tai. Kila ulipoleta pendekezo lako kwenye kikao alikuwa anatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, halafu anapiga kura ya kukataa. Ulikuwa unarudi ofisini ukiuliza, "Huyu ndugu yangu nimemkosea nini?"

Wakanituma mimi nikatetee. Mimi, Mwalimu! Mdogo kuliko wote mle ndani. Nilitayarisha slaidi, nikaeleza utafiti wako wote, nikaeleza wanafunzi walivyobadilika tulipoacha kuuliza "mmeelewa".  Nilipomaliza, mwenyekiti akawageukia wajumbe akauliza kama pendekezo limeeleweka. Wote, maprofesa na madaktari wazima, wakaitika pamoja: Ndiyo.

Nilikuwa nimeanza kukaa. Nikakumbuka mandazi.

Nikasimama tena. Nikaomba radhi, nikasema kama kuna mkubwa yeyote anayeweza, atueleze pendekezo hili kama vile anamweleza mtu wa kwao, kwa lugha ya kwao, yoyote ile.  Mwenyekiti akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Na nani akasimama? Profesa Suti. Unamjua, hawezi kuona mtihani akaupita. Akaanza kwa Ekegusii safi ya wazee, kama mtu anayezungumza na dada yake shambani. Alienda vizuri mpaka akafika kwa yule mtu anayekaa nyuma ya darasa. Hapo akakwama. Akajaribu tena, akakwama pale pale. Akavua miwani. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Huyu anayekaa nyuma, akitoka humo anaenda kumwambia nani?"

Mwalimu, miaka yote hiyo alidhani ni upelelezi. Alidhani tunawaandikia wakubwa majina ya watu ili wapunguzwe kazi. Na si yeye peke yake, nilipotazama nyuso za wengine nikaona nao walikuwa wanangoja jibu. Hakuna aliyewahi kukuuliza. Ulikuwa unawaeleza, wanaitika, unaondoka. Hata wewe walikuheshimu hivyo hivyo.

Nikamjibu hamwambii mtu yeyote. Anamwambia mwalimu mwenyewe, wakinywa chai, na yanaishia kwenye chai. Profesa Suti akakaa, akasema, "Basi andikeni hivyo." Wakaandika. Sentensi moja, kwamba yanayosemwa baada ya darasa ni ya wawili hao tu. Pendekezo likapita. Sikudanganyi, halikupita lote. Wametupa mwaka mmoja wa kujaribu, na bado hakuna mtu atakayepandishwa cheo kwa kufundisha vizuri. Lakini Ijumaa yako imo katika sera ya chuo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto, na walinzi wakaniuliza nimefiwa na nani.

Nilienda Keroka kumpa habari mkeo. Mama Bosibori hajambo. Duka la sare za shule linaendelea, na cherehani yake bado inapiga kelele kuliko malori ya barabarani. Amepungua kidogo, ila mdomo haujapungua. Nilimweleza yote kwa Ekegusii, kama ulivyokuwa unamweleza wewe kila somo kabla hujalipeleka darasani. Alishona kola nzima, akaanza nyingine. Nikangoja swali lake, maana alikuwa akikuuliza mpaka ukome. Hatimaye akasimamisha cherehani, akasema, "Na wewe, nani anakaa nyuma ya darasa lako siku hizi?"

 Tangu tukuzike nimekaa nyuma ya kila darasa la chuo hiki, lakini langu hakuna aliyekuja. Kile kiti chako karibu na dirisha nilikuwa naweka mkoba wangu, mtu asikikalie. Wanafunzi walijua, wakawa wanasimama ukutani na kiti kipo. Nilidhani ninakutunzia. Mama Bosibori alinitazama, akasema, "Toa huo mkoba," akaendelea kushona.

Ijumaa iliyopita niliutoa. Nikamwomba Profesa Suti aje. Alikuja na tai yake, akakikalia kiti chako, na mimi nikageukia ubao haraka ili wanafunzi wasinione uso. Nilifundisha vizuri, nakwambia. Kule kantini akaagiza chai na mandazi, akasafisha koo mara nyingi kama mtu anayeenda kuposa. Kisha akasema, "Mwalimu Kwamboka, kila unapomaliza jambo unauliza, tuko pamoja? Na wao wanasema, tuko."

Mwalimu wangu! Tuko pamoja! Nilitupa "mmeelewa" mlangoni, ikarudi kwa dirisha imebadilisha nguo, na mimi sikuisikia kwa sababu wewe hukuwepo kuisikia. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha.  Profesa Suti alinikatia mandazi katikati, akasogeza sahani.

Nimekukosa sana. Nilitaka tu ujue hivyo, bila maneno mengi.

Nakuahidi jambo moja. Kila muhula, nikiwa mdogo au nikiwa profesa mzee mwenye magoti mabovu, kutakuwa na mtu nyuma ya darasa langu, na nitamsikiliza hata akinikasirisha. Nitanunua mandazi mimi.

Pumzika huko Gesima, tata, baba yangu. Usiwe na wasiwasi na kile kiti. Kina mtu.

Wako,
Kwamboka