Viti Viwili vya Kwenda Kwenye Barafu

Mesquite, Texas

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Salamu za amani zikukute umekaa barazani na goti limetulia. Yale mafuta niliyokutumia yanasaidia, au umeshawagawia majirani? Nasikia mvua imewakalia huko Mombasa. Sisi huku jua linatuchoma, hata usukani wa lori haushikiki bila kitambaa. Afya tunazo, alhamdulillahi. Tatizo langu ni jingine, na kama ni kucheka, cheka ukishamaliza kusoma.

Unajua mke wangu Zuhura si mtu wa kuomba. Nilipokuwa naosha vyombo hotelini hakuomba kitu, na leo nina malori matatu bado haombi. Ila pale kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi kuna bibi wa Kizungu ambaye Zuhura humwogesha; bibi huyo akamwonyesha picha ya mlima wa barafu ya buluu unaoshuka mpaka baharini, huko Alaska. Tangu hapo wimbo ni mmoja: "Baba Salma, nataka nisimame karibu yake niusikie ukipasuka." Nikakata tiketi za meli, za watu wawili. Tunaondoka mwezi wa saba.

Kosa nililifanya kwa mdomo wangu. Tulikwenda Sugar Land kumwona mama mkwe, anayekaa kwa shemeji yangu Twaha. Tukiwa kwenye biriani nikawaeleza habari za safari, nikamalizia, "Karibuni twende sote." Dada, wewe ndiwe uliyenifundisha: mtu akikukaribisha namna hiyo unajibu, "Starehe, mwende salama," yamekwisha. Twaha akafuta mkono, akatoa simu. Chai inaletwa, wao wameshakata tiketi: yeye, mkewe Rukia, na mama.

"Si umetukaribisha mwenyewe, shemeji?"

Ningejibu nini mbele ya mkwe?

Sasa, meli inatia nanga katika miji mitatu, na kila mji abiria anachagua mapema matembezi yake ya nchi kavu. Kuna ya nyangumi, kuna ya treni, kuna ya dubu. Nimeyapigia hesabu yote. Mashua ya kufika kwenye barafu iko mji mmoja tu, inachukua watu ishirini, na kuipanda ni kwa ngazi ya chuma. Mama mkwe ngazi haziwezi. Twaha akatuandikia kwenye kundi la familia: "Tumetoka pamoja, tutembee pamoja. Kiti cha mama cha magurudumu kinaingia kwenye basi la kuangalia samaki." Mama naye akatuma sauti: "Mimi popote, mradi niko na Zuhura wangu." Ikawa imepita.

Basi la kuangalia samaki! Mtoto wa Mji wa Kale atoke Texas mpaka kaskazini ya dunia, aende kuonyeshwa samaki ndani ya tangi.

Juzi nikaona mashua imebakiza viti viwili. Nikamfuata Zuhura jikoni.

"Mama Salma, nivichukue? Ni muda wa saa tatu tu. Mama atakaa na mwanawe."

"Twaha? Anazijua dawa zake? Atampeleka msalani?"

"Rukia je?"

Akanitazama, akaendelea kukata vitunguu. "Acha, Baba Salma. Barafu hata kwenye friji ipo."

Mpaka hapo niliandika jana, na nilitaka nikuombe umpigie mama mkwe, maana wewe anakusikiliza. Usimpigie tena. Leo asubuhi Rukia ametuma picha kwenye kundi, nadhani alikusudia kumtumia mtu mwingine. Tiketi mbili za mashua, jina lake na la Twaha. Nikapiga simu.

"Twaha, si tulisema pamoja?"

"Tulikuwa tunajaribu tu mtandao wa kukatia tiketi, shemeji, ukakubali. Kuviacha viti ingekuwa israfu. Na mama yuko na Zuhura, hatuna wasiwasi. Tutawapigia picha nyingi!"

Nikaipigia kampuni ya meli. Binti mwenye sauti tamu akaniambia nisubiri, huenda mtu akaghairi. Mimi namjua Twaha. Hajawahi kughairi hata sahani ya pili.

Basi nikamweleza Zuhura. Nilidhani atalia, au atanitukania Rukia nipate na mimi pa kuanzia. Akauliza, "Rukia ana koti la baridi ile?" Akaingia chumbani, akatoka na lile koti zito alilojinunulia kwa ajili ya barafu, akalikunja. Wikendi tunalipeleka Sugar Land. Mimi ndiye nitakayeendesha gari.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na shangazi yetu wa mahamri, na fundi aliyekuezekea paa, mwambie kazi yake nimeiona kwenye picha. Utuombee dua.

Mdogo wako asiyejua amnunie nani,

Omar