Shubiri Moja ya Mahameli

Khujand,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya Yekaterinburg kimekuacha. Sisi hatujambo. Jamshed wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakuulizia kila siku. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mdogo wangu Sitora huwa kando yangu anadaka kila neno, na haya ya leo nataka uyasikie kwanza peke yako. Ndiyo maana barua hii nampa Ruhsora, jirani yetu, anayepanda ndege kesho kuja huko.

Kwa kuwa mwajiri wako alikunyima ruhusa, uliniachia kazi ya mama wa bibi harusi, nami nikaifanya. Kwa desturi yetu upande wa bwana wameleta nyumba na rangi za kuta. Vitambaa vya mapazia vikawa juu yetu. Nyumba ni vyumba viwili ghorofa ya nne, madirisha matatu yanayotazama mto. Wataishi wawili tu, Mama! Hakuna mama mkwe wa kuuliza kwa nini taa bado inawaka. Mimi huu ni mwaka wa tisa naishi chumba cha pembeni katika ua wa wakwe zangu, hata msumari sigongi bila kuomba. Nilipoingia nilisema mashallah, lakini moyo uliniuma kama jino.

Sitora alitaka sebule iwe rangi ya samli na chumba cha kulala rangi ya ua la mlozi. Nikamwambia ya samli itaonyesha kila alama ya kidole, na ya mlozi ni ya watoto wachanga, achukue kijivu. Akacheka. “Kijivu, dada? Nina miaka ishirini na miwili! Nikizeeka nitakuita uje unipakie.” Firdavs, mchumba wake, akasema anachokipenda Sitora ndicho hicho, akaenda kununua makopo palepale. Mume wangu hajawahi kuniuliza napenda rangi gani. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikawagombeza watoto bila sababu.

Kisha yakafika mahameli uliyotuma, ya kijani cha pistachio. Niliyaweka mapajani nikayapapasa, nikakumbuka harusi yangu. Mapazia yangu yaliazimwa kwa shangazi Oyniso. Wageni walipokwisha kuangalia, siku ya tatu alikuja na mfuko na kigoda, akayashusha mimi nikiwa nimesimama pale na shela langu la bibi harusi. Najua hukuwa na uwezo. Lakini ulikwenda Urusi baada ya mimi kuolewa, na jasho lako lote likashonwa kwenye madirisha ya Sitora.

Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa familia, nilishona mwenyewe. Alhamisi iliyopita tukayatundika, wanawake wa upande wa bwana wakaja kutazama kama ilivyo ada. Mapazia yaliishia shubiri moja juu ya sakafu, yote sita. Shangazi yake Firdavs akainama, akauliza, “Jamani, haya yamekunja suruali yavuke mto?” Chumba kizima kikacheka. Mwingine akasema kwa sauti ya pole, ile pole mbaya, “Mama yao yuko Urusi miaka yote hii, na kitambaa hakikutosha?”

Hapo nilitaka sakafu inimeze. Sitora ndiye aliyejibu. “Kitambaa kilitosha, shangazi. Mama alituma mpaka kikabaki. Mimi ndiye niliyepima vibaya, kwa haraka ya kuolewa!” Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, wakarudi kwenye sambusa. Naye akanimiminia chai mimi kabla ya wote.

Mama, Sitora hakupima vibaya. Alipima mara mbili mbele yangu, karatasi yake ninayo, kila namba ni sahihi. Nilikata mimi. Mkasi haukuteleza, nilihesabu shubiri, nikakata, pazia la kwanza hadi la sita. Nilitaka siku moja acheke mtu mwingine na yeye aone haya. Badala yake wakakucheka wewe. Naye anajua, maana hajaniuliza neno hata moja.

Nikisema niliyaonea wivu mahameli nitakuwa nimesema nusu. Nilimwonea wivu kwa sababu yako. Nilitaka niwe mimi yule uliyekwenda mbali kwa ajili yake.

Vile vipande sita ninavyo chini ya godoro. Leo mchana nakwenda kuvishona tena kwenye mapazia. Mshono utaonekana, hakuna fundi wa kuuficha kwenye mahameli. Sitora nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nakuandikia wewe kwanza ili nisifike mlangoni kwake nikajifanya nimekuja kunywa chai.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na uvae soksi mbili kazini. Watoto wanakubusu mikono. Ukinikasirikia, kasirika, lakini usikae kimya.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mavjuda