Simu ya Mama Niliyoiona

Jumapili, Kamere. Mawingu tangu asubuhi.

Leo sina nguvu ya kujifanya. Ni karibu mwaka tangu tumzike mama, na kila mtu bado anaamini kwamba siku ile simu yangu ilikuwa imefungiwa kabatini kazini. Ni mimi niliyewaambia hivyo.

Haikuwa kabatini. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Tulikuwa tukipanga waridi za Valentine, nikaichungulia, nikaona jina lake, nikaiacha itetemeke mpaka ikanyamaza. Nilidhani ni yale yale: nyumba yake ya Kihoto iliyoingiwa na maji ya ziwa, na lini atarudi. Nilikuwa nimechoka kumsikiliza. Jioni ndugu yangu Wafula, aliyekuwa akiishi naye Ndabibi, alipiga kusema mama ameanguka na hakuamka tena.

Nilichoka kumsikiliza mama yangu.

Mwalimu wa yoga anayekuja kwenye ukumbi wa shamba letu la maua kila Alhamisi anasema ukikaa kimya ukafuata pumzi yako, utajijua. Hakusema kwamba inauma. Nikifunga macho, vidole vyangu vinaanza kupanga maua vyenyewe, shina kwa shina, kumi kwa kumi, na katikati ya hayo jina la mama linatokea. Wenzangu wanainuka wakitabasamu. Mimi nainuka nikitafuta kitambaa cha kupangusa macho, ingawa kilio chenyewe hakiji.

Leo nilitandika mkeka nyumbani, mlango nikauacha wazi kidogo hewa iingie. Jirani yangu Mama Nekesa, akitoka kanisani, alichungulia akaniita mara mbili. Sikuitika, kwa sababu tumefundishwa tusikatishe pumzi. Hapo nilikosea. Nilipofungua macho niliwakuta akina mama watano wakiwa na sare zao za kanisa, mikono yote kichwani kwangu, wakikemea pepo wa yoga.

Siku nyingine ningecheka. Leo nililia, kilio kilichokataa kutoka hata siku ya mazishi. Wakashangilia kwamba pepo ameshindwa. Mama Nekesa alinipikia chai na kunifuta uso na ncha ya leso yake, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Walipoondoka nilimpigia Wafula kabla ujasiri haujaniishia. Nilimwambia yote, hata ile sehemu ya kuchoka.

"Najua, dada," akasema. "Simu yako haikai kabatini, siku zote iko kwa aproni. Hiyo siku mama alipiga tukiwa tumekaa na yeye hapa nje. Nilitaka kupiga tena, akaniambia, 'Wacha, ako kazi. Usimsumbue.'"

Kumbe mwaka mzima Wafula alikuwa akinisikia nikiwadanganya watu, hata mbele ya jeneza, na hakuwahi kunisuta.

Nikamuuliza ni nini mama alitaka kuniambia.

"Hakuwa na maneno. Alikuwa tu anataka kukusalimia."

Nimekaa na sentensi hiyo mchana wote, na chai imepoa mbele yangu. Kujijua nimejijua. Amani bado sijaiona, na sitajidanganya kwamba iko njiani. Alhamisi nitarudi ukumbini nikae na wenzangu. Jina la mama likitokea sitafungua macho. Nitaliacha likae nami kadiri litakavyo.